Fundi Aliyetaka Mnara Bondeni

Nilimshuku Fundi kwa miaka kumi na mmoja, na sikuwa nimekosea kabisa. Kuna kitu alikuwa anakificha. Kwa kuwa sikukijua, nilibuni cha kwangu, na hicho nilichobuni ndicho kilichompeleka mahabusu.

Alikotoka sikujui. Wapo waliosema ni mtu wa Sumbawanga, wapo waliosema ni wa ng'ambo, Nakonde, kwa sababu Kibemba chake kilikuwa cha kununulia na cha kugombania pia. Mwenyewe alisema tu kwamba ujanani alifanya kazi "kwenye mitambo," yaani pale redio zinaporushiwa, si pale watu wanaposemea. Mji gani? Hakuwahi kuutaja. Ukimuuliza mara ya pili alikuuliza wewe unatafuta nini.

Kibanda chake kilitazamana na mlango wangu, Tunduma, kwenye mtaa unaoshuka kutoka kwenye foleni ya malori. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, yeye fundi redio, na tuliitana kwa kazi zetu tu. "Shikamoo Fundi." Alinyamaza kidogo, kana kwamba anaipima hiyo shikamoo kama ni nzima, ndipo akajibu, "Marahaba, Mwalimu." Sijawahi kukutana na mtu mwingine anayechelewa kuitikia shikamoo.

Ndani ya kibanda zilipangwa redio za zamani, zile nzito zenye mbao, ambazo watu walishazitupa darini. Alizikusanya. Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mtaani kwetu kila mtu alikuwa na binamu aliyesikia kwamba redio za kale zina zebaki nyekundu ndani, tone dogo tu, na kwamba kuna Wazungu wanaolitafuta tone hilo dunia nzima. Mama mmoja muuza vitumbua aliniapia kwamba Fundi akishaitoa zebaki huifunga kwenye kitambaa cheusi na kuivusha mpakani. Nilimuuliza amemwona? Akasema, "Mwalimu, mtu kama yule unamwonaje?"

Mimi zebaki sikuiamini. Nilikuwa na shaka zangu, za mtu aliyesoma.

Fundi alikuwa akitembea na redio ndogo ya betri mbili mkononi. Alipanda kilima akasimama, akaizungusha redio taratibu kama mtu anayefungua mfuniko wa chupa, akaandika kitu kwenye daftari, akashuka. Kesho yake utamsikia ameonekana Itaka, kesho kutwa Ruanda ya Mbozi, anafanya yale yale. Waliomwona vilimani walisema anatafuta mali za Mjerumani zilizofukiwa. Mimi nilitazama mpaka ulivyo karibu, nikatazama daftari, nikaamini anachora ramani. Kwa ajili ya nani, hilo sikuwa nimelimaliza.

Siku moja nilimkabili. Nilimwambia watu wanajiuliza kuhusu huko kuzungusha redio. Akaniweka kwenye kiti, akaifungua redio mbele yangu na kunionyesha kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba.

"Hiki ndicho sikio," alisema. "Kijiti kikilala ubavu kwa mnara, unasikia vizuri. Kikiuelekea mnara kwa ncha yake, sauti inakufa. Zungusha."

Nikazungusha. Mtangazaji wa mbali, sijui wa nchi gani, alififia, akapotea, kisha akarudi.

"Umesikia alipopotea? Sasa unajua yuko upande gani. Sauti inadanganya, Mwalimu, inaweza kugonga ukuta ikakujia kwa nyuma. Ukimya ndio unaonyesha kidole."

Nilitoka pale nimeelewa redio na nimezidi kumshuku mtu. Mtu anayeuamini ukimya kuliko sauti, nilijiambia, ana mengi asiyoyasema.

Na yeye alitushuku sisi, tena bila kujificha. Ukimpelekea redio aliifungua ukiwa umesimama hapo, akakuhesabisha vipande. "Hesabu mwenyewe. Usije ukasema nimechomoa." Betri mpya alizigusa kwa ulimi kabla hajaamini maandishi ya pakiti. Chai hakunywa ambayo hakuiona ikimiminwa. Madereva wa Zambia walipomsalimia, "Mulishani ba fundi?" aliwaitikia kwa uchangamfu wote, huku mkono wake mmoja ukivuta sanduku la vifaa karibu na mguu. Sanduku hilo la bati ndimo lilimolala daftari, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake, kwa kamba ya kiatu.

Kuna Jumapili alibisha hodi tukiwa tumetoka kula. Alisimama mlangoni na redio yake ikinguruma kama nzi ndani ya kopo.

"Mwalimu, samahani. Kuna kitu humu ndani kinakoroma. Kinaharibu mtaa mzima."

Nilidhani anamsema mume wangu, aliyekuwa amelala kwenye kochi. Fundi akapita na redio yake ukutani, ikazidi kunguruma, mpaka kwenye chaja ya simu niliyoinunua sokoni wiki ile. Akaichomoa. Ngurumo ikakatika, na sauti ya mtu akisoma bei za mahindi ikaja safi kama yuko jikoni. Alikuwa na maadui wengi wa namna hiyo: chaja za bei rahisi, taa za kuwaka haraka, wachomelea mageti, injini za malori yanayosubiri kuvuka. Aliwajua kwa nyumba zao. Mume wangu alipoamka akauliza, "Sasa huyu amejuaje kuna nini ndani kwetu?" Nami nikakosa raha.

Huyo ndiye mtu aliyeingia kwenye kamati yetu ya redio.

Wakulima wa kahawa na mahindi walikuwa wamepewa mtambo wa AM, wa kutumika lakini mzima, na mfadhili aliyekuwa anafunga kituo chake nchi nyingine. AM ilitufaa kwa sababu ya Momba. Lile bonde la chini, kwenye joto, ambako wafugaji na wakulima waliohamia wamesambaa mbalimbali, redio za FM hazikufika, milima inazikinga. Tulitaka mtu wa Momba asikie bei, mvua na magonjwa ya mifugo siku ile ile anayosikia mtu wa Vwawa. Mwenyekiti alikuwa mzee mrefu wa ushirika wa kahawa, mwenye kikohozi kisichoisha. Mimi nilichaguliwa katibu. Fundi aliitwa kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyewahi kuishi na mtambo wa aina hiyo.

Kikao cha kuchagua mahali pa mnara nakikumbuka kwa maneno yake. Kila mtu alikuwa ameshakubali kilima kimoja chenye mawe, kinachoonekana toka barabara kuu. Mnara juu ya kilima, nani angebisha? Fundi akanyoosha mkono.

"Pale mtapata mnara wa kupiga picha," alisema. "Watu wa Momba hawatasikia kitu."

"Kwa nini?" Mwenyekiti aliuliza. "Minara ya simu yote iko milimani."

"Mnara wa simu ni macho. Unapanda juu ili uone. Huu wetu ni miguu, wimbi lake linatambaa chini. Kilimani ni mwamba, mkavu, linakwama pale pale linapozaliwa. Linataka tope. Lishusheni bondeni, kwenye maji, upande ule wa Ruanda. Hapo litatembea."

Watu walicheka. Mnara kwenye tope! Mwenyekiti hakucheka. Alikohoa, akauliza kwa upole kabisa, "Fundi, bonde hilo ni la nani?"

Fundi akachelewa, kama anavyochelewa kwenye shikamoo. "La shemeji yangu. Kaka yake marehemu mke wangu."

Ukumbi ukavuma.

"Ulikuwa unasubiri nini kutuambia?"

"Hamkuuliza." Kisha akaongeza, "Na kilima, Mwenyekiti, ni cha nani?"

Kilima kilikuwa cha ukoo wa Mwenyekiti. Sote tulijua, na hakuna aliyekuwa amelisema. Katika muhtasari niliandika maneno yote mawili, lakini neno "shemeji" ndilo nililolipigia mstari, tena mara mbili. Nimeuangalia muhtasari huo mara nyingi tangu siku hiyo.

Mhandisi aliyeletwa kutoka Mbeya alipima udongo wa pande zote mbili na kusema Fundi yuko sahihi. Hata hivyo hatukumwamini, tulimwamini mhandisi. Mnara ukasimamishwa bondeni, mwembamba, umeshikwa kwa kamba za chuma, umekalia kigae cheupe ili usiguse ardhi. Kumbe nusu ya kazi iko chini. Toka kwenye shina la mnara zilifukiwa nyaya za shaba kwenda pande zote, kama miale ya jua anayoichora mtoto wa darasa la kwanza, kina cha kiganja kimoja. Bila nyaya hizo, alisema Fundi, mnara ni mlingoti wa bendera. Yeye alisimamia ufukiaji. Vibarua aliwaruhusu mapema, nyaya za mwisho akazifukia mwenyewe. Mchoro wa mahali zilipo ulibaki kwa watu watatu: Mwenyekiti, mimi na yeye.

Siku ya majaribio nilitumwa Momba na redio. Nilifika nimepikika kwa joto, nikakaribishwa kwenye boma la mama mmoja mfugaji, tukaiweka redio juu ya ndoo iliyopinduliwa. Saa nne kamili kulikuwa na kelele ya upepo, kisha kikohozi. Kikohozi kirefu cha Mwenyekiti, na ndipo sauti yake, "Ndugu wasikilizaji."

Yule mama akaniuliza, "Huyu anayekohoa yuko wapi?"

"Ruanda, kule juu Mbozi."

"Mbona anakohoa hapa?"

Nililia. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa kuwa safari yote ile nilikuwa nimejiandaa kusikia kimya, na nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kumwambia Fundi.

Tulitangaza misimu miwili bila tatizo. Jioni, kama AM zote, redio za mbali zilituvamia, lakini asubuhi na mchana nchi ilikuwa yetu. Halafu, kuelekea mwisho wa masika ya pili, simu ya yule mama ikaja.

"Mwalimu, yule mzee wa kikohozi amehama?"

"Hajahama. Kwa nini?"

"Anaongea kama yuko ndani ya gunia. Juzi nusu nimesikia, leo hakuna."

Baada ya Momba zikaja simu za Itaka. Mhandisi akaukagua mtambo, mzima. Alipokuwa anaondoka akasema, "Angalieni chini. Mkipungukiwa shaba chini, mnapoteza mbali kwanza." Hatukwenda kuangalia. Bonde lilikuwa limejaa maji, na kila mmoja alidhani mwenzake atakwenda. Mwezi ule ukatangazwa utaratibu wa chanjo ya ng'ombe kwenye redio yetu, siku tano mfululizo. Momba haukufika. Yule mama alipoteza ndama watatu, na jirani zake zaidi ya hapo. Alinipigia kunieleza, hakulaumu. Afadhali angelaumu.

Neno "shaba" likaanza kunizunguka kichwani. Tunduma kila mtu anajua shaba inauzwa wapi na kwamba muuzaji haulizwi ameitoa wapi. Nyaya ziko wapi tunajua watatu. Mimi si mwizi. Mwenyekiti, kikohozi chake kingemtangaza. Nikaanza kukaa dirishani. Jumamosi moja asubuhi nilimwona Fundi akishuka kwenye bodaboda, suruali imejaa tope mpaka magotini, na gunia begani. Lilipomtelezea, kitu kikachungulia: duara la waya mwekundu, unang'aa.

Nilikwenda kwenye kikao nikasema. Sikusema "nadhani." Nilisema, "Nimemwona kwa macho yangu na shaba." Mwenyekiti akaniuliza kama niko tayari kuandika maelezo polisi. Nikaandika, kurasa mbili, kwa mwandiko wa ubaoni.

Polisi walipokuja kumchukua, yeye na sanduku lake la bati, hakubisha. Alifunga kibanda, akaweka ufunguo mfukoni, akapita mbele ya mlango wangu. Alisimama.

"Mwalimu, umeandika vizuri?"

Nilishika komeo la mlango.

"Uwe umeandika vizuri. Wasije wakasoma vibaya."

Siku aliyolala ndani, kibanda kilivunjwa. Si polisi, ni watu tu, siwezi kuwataja kwa kuwa walikuwa wengi na wengine nawafundishia watoto. Walikuwa wamesubiri miaka hiyo yote kuitafuta zebaki. Nilipofungua mlango asubuhi, mtaa ulikuwa umetapakaa matumbo ya redio. Zile za mbao zilikuwa zimepasuliwa kama kuni. Muuza vitumbua alisimama katikati, mikono kiunoni. "Hakuna kitu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

Siku hiyo hiyo niliitwa kituoni. Askari mmoja wa makamo alikuwa na daftari la Fundi mezani, na alikuwa amechoka.

"Mwalimu, wewe msomi. Wenzangu wanasema hii ni ramani ya mpaka. Nisomee."

Nikakaa kusoma. Nilianza na hamu, nakiri, kama anayefungua barua ya mtu mwingine. Lilikuwa na majina ya mahali, tarehe, na mbele ya kila moja neno "hatua" na namba. Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa anaiweka redio chini, kitufe cha sauti kimewekwa pale pale kila mara, kisha anarudi nyuma akihesabu hatua mpaka maneno yasieleweke. Itaka, nyuma ya shule, hatua arobaini. Mbozi Mission, hatua sitini. Miaka na miaka ya hatua. Kwa redio yetu namba zilianza juu, kisha, masika ya pili, zikashuka wiki hadi wiki. Alijua kabla ya mama wa Momba. Alijua kabla yetu sote.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mchoro wa miale. Upande mmoja tu, mistari kadhaa ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu. Juu ya kila uliokatwa kulikuwa na mstari mwingine wa bluu na neno moja: "Imerudishwa." Mingine ilikuwa imekatwa na kurudishwa mara mbili, mara tatu. Chini kabisa aliandika: "Tubadili. Waya wa seng'enge, usio na miiba. Hakuna atakayeutaka."

"Ni ramani?" askari aliuliza.

"Si ya mpaka," nilisema.

Kesho yake alfajiri nilipanda gari hadi Ruanda, nikashuka bondeni na mchoro wangu. Upande ule uliokatwa kwenye daftari ulikuwa umegeuka bustani ya kabichi. Mifereji mipya ya kutolea maji ilikuwa imechimbwa humo, mirefu, imenyooka. Nilichimbua kidogo kando ya mfereji, nikakuta waya. Ulikuwa umeungwa kipande kwa kipande, na kila kiungo kimelehemiwa kwa lehemu laini, iliyong'aa, isiyo na tone la ziada. Mkono ule niliujua. Ulikuwa kwenye redio yangu mwenyewe.

Mke wa shemeji yake alikuwa anapalilia. Aliniambia, "Umechelewa, Mwalimu. Fundi huwa anakuja mapema kuliko hivi."

"Anakuja kufanya nini?"

"Kurudishia. Huyu wangu anachimba, yule anafukia. Tangu masika. Mimi nimeshachoka kuwaangalia."

Shemeji alikuja kutoka nyumbani ameshika jembe, mtu mfupi mwenye macho ya usingizi. Hakukana.

"Mlifukia shambani kwangu. Nilikuwa natoa maji, jembe likakuta waya. Kilichomo shambani kwangu ni cha nani?"

"Tulikubaliana kwa maandishi."

"Fundi alikubaliana. Mimi niliweka dole gumba." Akatema mate pembeni. "Na yeye alijua. Alinifuata akanipigia magoti, mtu mzima vile. Dada yangu alipokuwa anakufa alimwambia, 'Usimtupe kaka yangu.' Ndiyo hiyo imemfunga. Hakunisema, na mimi sikumwomba asiniseme."

"Yuko ndani kwa ajili yako."

"Yuko ndani kwa ajili yako wewe," alisema shemeji, akaendelea na mfereji wake.

Nilirudi Tunduma nikaandika maelezo mengine, kurasa mbili vile vile. Lakini njiani kwenye gari nilikuwa na hasira na watu wawili, na mmoja alikuwa Fundi. Ndama wa Momba walikufa huku yeye anahesabu hatua na kufukia waya alionunua kwa fedha yake, ule niliouona kwenye gunia. Angesema neno moja kwenye kamati, siku moja tu, chanjo ingesikika. Alichagua maiti dhidi ya walio hai, na hilo sijaweza kulimeza mpaka leo. Nalisema kwa sababu watu wakinisikia nikieleza habari hii hutaka kumfanya Fundi malaika na mimi shetani. Mimi nilimsingizia. Yeye alinyamaza. Vyote viwili vilitokea.

Alitolewa siku ya tatu. Nilimsubiri nje. Nilikuwa nimejiandaa kupiga magoti, lakini alipotoka alikuwa anahesabu kurasa za daftari lake, moja moja, kwa kidole, na nikaona aibu kumkatiza. Alipomaliza akalifunga.

"Fundi, nisamehe."

Alinipita. Alikwenda mpaka kibandani, akatazama, akaokota redio moja ndogo ambayo ilikuwa bado na umbo la redio, akaipangusa. Wiki ile ile akahama. Kibanda kikachukuliwa na kijana wa kuuza kava za simu.

Tulifuata maneno yake ya mwisho daftarini. Tulifukia waya wa seng'enge badala ya shaba, mwingi zaidi, na Momba wakarudi. Kuhusu shemeji, Mwenyekiti alipendekeza awe mlinzi wa mnara, alipwe kwa kuulinda. Nilipinga. Nilipingwa. Mpaka sasa yuko pale, analinda vizuri sana, na kila nikipita bondeni namwangalia mikono.

Fundi nilimwona mara moja tu baada ya hapo, mwaka jana, Mbozi Mission. Nilikuwa nimekwenda kwenye harusi ya msichana niliyemfundisha. Watu walipotoka kanisani nikamwona ameketi kwenye ukingo wa saruji, kivulini, amevaa koti zuri la kijivu lililomzidi, na fimbo kati ya magoti. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Kumbe bwana harusi alikuwa mpwa wa mpwa wake. Hata hilo, la kuwa na ndugu, lilinishangaza.

"Shikamoo Fundi."

Akachelewa. "Marahaba, Mwalimu."

Nikakaa kando yake bila kukaribishwa. Kwaya ilikuwa inaimba, vigelegele vinapigwa. Nilimwambia kwamba redio inasikika mpaka ng'ambo ya Momba. Akasema anajua. Nilimwambia kwamba yule mama mfugaji sasa ana kipindi chake cha asubuhi, anasoma salamu. Akasema anamsikia, ana haraka mno.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Hata ulipokuwa ndani, ungeniita tu."

"Ungeniamini?"

Nilifikiri. Kudanganya kungekuwa rahisi, siku nzuri kama ile.

"Hapana. Ningesema unamtupia lawama shemeji."

"Basi," alisema.

Maharusi wakapita, msichana wangu akanipungia. Fundi akaniuliza, bila kunitazama, "Wale ndama walikuwa wangapi?"

"Watatu kwake. Kwa majirani sikupata hesabu."

Alitikisa kichwa, polepole, muda mrefu. Sijui alikuwa amewabeba kwa miaka mingapi.

"Fundi," nikasema, "nilikuomba msamaha pale kituoni. Hukunijibu."

"Nilikusikia."

"Basi nijibu sasa."

Akanigeukia kwa lile jicho zima. "Bado sijakusamehe, Mwalimu. Nimejaribu. Kuna siku nafika karibu, halafu nakumbuka zile redio za watu barabarani." Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa simu ndogo ya vibonyezo. "Nipe namba yako. Nikimaliza nitakupigia."

Nikamtajia namba, tarakimu moja moja. Alizirudia zote kwa sauti, akanifanya nizihakikishe, akaihifadhi. Kisha akainuka kwa msaada wa fimbo, akaenda kula pilau na wenzake.

Hajapiga. Ila siku hizi simu yangu siiachi mbali, na namba nisiyoijua ikiita, hata niwe darasani, natoka nje kuipokea.